Mafumbo ya jometri kwa aljebra: kutoka maneno hadi mlinganyo

Kiwanja cha mstatili kina mzingo wa mita 100. Urefu wake unazidi upana kwa mita 10. Tafuta urefu na upana.

Fumbo hili halina kitu kigeni kwa mtoto wa Tanga. Ngamiani, eneo la mjini Tanga, imekatwa kwa barabara zenye namba, zimenyooka na zinakatana kwa pembe mraba, na kati yake viwanja vimepangana kama miraba ya daftari la hesabu. Hata hivyo madaftari mengi yanatoa jibu hili: urefu mita 55, upana mita 45. Kutoa kumefanywa sawa, kugawanya kumefanywa sawa, namba zimehamishwa vizuri. Kosa liko kwenye mstari wa kwanza kabisa, pale maneno yalipogeuzwa kuwa herufi. Mwanafunzi ameandika upana kujumlisha urefu ni 100, na kumbe mzingo unazunguka pande zote nne.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye mstari wa kwanza. Kutatua mlinganyo ni kazi ya mkono, na mkono huzoea kwa mazoezi. Kuupata mlinganyo ni kazi ya kusoma, na ndipo wengi wanapopotelea.

Kusoma na kuchora

Soma fumbo mara mbili. Mara ya kwanza weka kalamu chini, soma mpaka nukta ya mwisho. Mara ya pili chukua penseli upige mstari chini ya mambo manne: umbo ni lipi, kipimo gani kimetolewa kwa namba, uhusiano gani umesemwa kwa maneno, na nini kinaulizwa. Katika fumbo la juu, umbo ni mstatili, kipimo ni mzingo wa mita 100, uhusiano ni "urefu unazidi upana kwa mita 10", na yanayoulizwa ni mawili.

Kisha chora. Mchoro si pambo la daftari. Ndio unaokuonyesha pande ngapi zinahesabiwa. Hauhitaji kuwa wa vipimo kamili, lakini kama urefu umezidi upana, basi kwenye mchoro nao uonekane umezidi. Ukichora mraba wakati fumbo limesema mstatili, macho yatakudanganya baadaye. Andika kila kipimo kando ya upande wake, pande zote nne, hata zile zinazojirudia. Aliyeandika pande nne hasahau mbili.

Tazama jinsi mchoro unavyobadili jibu. Mtu ana seng'enge ya mita 84 na anataka kuzungushia bustani ya mstatili nyuma ya nyumba. Ukuta wa nyumba unafanya kazi ya upande mmoja, kwa hiyo seng'enge inahitajika pande tatu tu. Urefu ni mara mbili ya upana. Ukiuita upana p, urefu ni 2p. Kama upande mrefu ndio umeegemea ukuta, seng'enge inapita upana, urefu, upana:

p + 2p + p = 84
4p = 84
p = 21

Bustani ni mita 42 kwa 21. Lakini kama upande mfupi ndio ulio ukutani, seng'enge inapita urefu, upana, urefu:

2p + p + 2p = 84
5p = 84
p = 16.8

Hapo bustani ni mita 33.6 kwa 16.8. Seng'enge ni ileile, uhusiano ni uleule, bustani mbili tofauti. Fumbo linalotungwa vizuri litasema upande upi umeegemea ukuta, na neno hilo moja ndilo utakaloliruka usipochora.

Kuchagua herufi

Hapa Kiswahili kina mtego wake. Urefu, upana, upande: yote yanaanza na u. Mwanafunzi akiandika u kwa upana, mistari mitatu mbele u imekuwa urefu bila yeye kujua. Tumia p kwa upana na r kwa urefu, au tumia x tu. Na kwenye mstari wa kwanza wa jibu andika kwa sentensi nzima: "Tuseme upana ni p, kwa mita." Sentensi hiyo inakulinda, kwa sababu mwisho wa kazi utairudia kuona p ilikuwa nini.

Herufi ipewe nani? Ipe kile ambacho kingine kinapimwa kwacho. Ukisikia "urefu unazidi upana kwa mita 10", upana ndio kipimo, urefu ndio unaopimwa. Basi upana ni p, urefu ni p + 10. Ukifanya kinyume, urefu ukawa r na upana r − 10, hujakosea, ila umejiongezea alama ya kutoa, na alama za kutoa ndizo zinazoponyoka.

Maneno ya ulinganisho ndiyo moyo wa kazi hii, kwa hiyo tuyapitie moja moja.

"Urefu unazidi upana kwa 10": r = p + 10. Hapa "unazidi kwa" ni kujumlisha.

"Urefu ni mara 3 ya upana": r = 3p. Hapa tunazidisha. Wengine husema "urefu unazidi upana mara 3", na kwa kawaida wanakusudia 3p hiyohiyo. Tazama kama ni "kwa" au ni "mara"; neno dogo, lakini ndilo linaloamua kama utajumlisha au utazidisha.

"Urefu ni pungufu kwa 5 kuliko mara 3 ya upana": r = 3p − 5. Wengi huandika 5 − 3p, kwa sababu sikio limesikia 5 kwanza. Jiulize: kinapunguzwa nini, kutoka wapi? Ile 5 inatolewa katika mara 3 ya upana. Kitu kikubwa kinatangulia, kinachotolewa kinafuata.

"Urefu ni mara 2 ya upana, ongeza 3": r = 2p + 3. Lakini "urefu ni mara 2 ya jumla ya upana na 3": r = 2(p + 3), yaani 2p + 6. Neno "jumla" linafungua mabano. Ukilisikia, weka mabano papo hapo kabla ya kuandika chochote kingine.

"Upana ni robo tatu ya urefu": p = ¾r. Hapa urefu ndio kipimo, kwa hiyo herufi iwe ya urefu. Au epuka sehemu kabisa: gawa urefu kwa vipande vinne sawa, kila kipande kiwe x. Urefu ni 4x, upana ni 3x, na hesabu inakwenda kwa namba nzima.

Ukifika sekondari mafumbo yanakuja kwa Kiingereza, na hapo mzigo unakuwa wa lugha mbili. Ushauri wetu ni kwamba usitafsiri fumbo lote. Tafuta ile sentensi moja ya uhusiano, iseme kwa Kiswahili kimoyomoyo kwa mpangilio huu wa juu, kisha iandike kwa herufi mara moja. Zilizobaki ni namba na vipimo.

Kutoka uhusiano hadi mlinganyo

Uhusiano peke yake hautoshi. Unahitaji pia kanuni ya umbo, kitu ambacho fumbo halikusemi kwa sababu linadhani unakijua. Kwa kazi ya kawaida kanuni hizi zinatosha: mzingo wa mstatili ni 2(r + p) na eneo lake ni r × p, eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, pembe tatu za pembetatu zinajumlisha nyuzi 180, mzingo wa duara ni 2π mara nusu kipenyo (π ni karibu 22/7), na eneo lake ni π mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo, na kanuni ya Pythagoras kwa pembetatu yenye pembe mraba: miraba ya pande mbili fupi ikijumlishwa inatoa mraba wa upande mrefu.

Sasa kiwanja chetu. Upana p, urefu p + 10, mzingo 100:

2(p + p + 10) = 100
2p + 10 = 50
2p = 40
p = 20

Upana ni mita 20, urefu mita 30. Angalia mstari wa pili: tumegawa pande zote kwa 2 kabla ya kufungua mabano, tukafanya kazi na namba ndogo.

Kinachotokea kati ya mistari hiyo kina majina ya zamani, na masikio ya pwani yanayafahamu. Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu ambacho jina lake lina maneno al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kurudisha kilichopungua, kama mfupa uliovunjika unavyorudishwa mahali pake. Ndilo lililotupa neno aljebra. Kama upande mmoja wa mlinganyo kuna "toa 5", unairudisha ile 5 pande zote mbili. Al-muqabala ni kukabilisha: vitu vya aina moja vilivyo pande mbili vinatazamana na kufutana. Mzizi wake ndio huohuo wa mkabala na kukabili. Mwanafunzi anayesema "namba ikivuka inabadili alama" anasema kweli, lakini asipojua kwa nini, siku moja atabadili alama ya namba iliyokuwa inazidisha. Hakuna kinachovuka. Unafanya jambo lilelile pande zote mbili, basi.

Pembe

Mafumbo ya pembe ndiyo mepesi kuliko yote, kwa kuwa jumla unaijua kabla hujasoma. Tanga la ngalawa lina pembe tatu. Pembe ya pili ni mara mbili ya pembe ya kwanza, na ya tatu ni pungufu kwa nyuzi 20 kuliko ya pili. Kila kitu kinarudi kwa pembe ya kwanza, basi hiyo ndiyo x. Ya pili ni 2x, ya tatu 2x − 20.

x + 2x + 2x − 20 = 180
5x = 200
x = 40

Pembe ni 40, 80 na 60. Jumlisha: 180. Wanaokosea hapa huandika ya tatu kuwa x − 20, wakiipima kwa pembe ya kwanza badala ya ya pili. Hapo wanapata 4x = 200, x = 50, na pembe ni 50, 100, 30. Jumla bado ni 180! Kwa hiyo kujumlisha tu hakukuokoi. Lazima urudi kwenye sentensi: je, 30 ni pungufu kwa 20 kuliko 100? Hapana.

Pembetatu yenye pande mbili sawa ina jambo lake. Pembe zake mbili za kitako ni sawa. Fumbo likisema tu "pembe moja inazidi nyingine kwa nyuzi 30", kuna majibu mawili. Kama pembe ya kileleni ndiyo iliyozidi, x + x + x + 30 = 180, na pembe ni 50, 50, 80. Kama za kitako ndizo zilizozidi, x + (x + 30) + (x + 30) = 180, na pembe ni 40, 70, 70. Toa yote mawili, chora michoro miwili.

Eneo, na pindo la khanga

Eneo linapoingia, herufi inajizidisha yenyewe na mlinganyo unapata kipeo cha pili. Hapa tunakaa, kwa sababu hapa mambo ni mengi.

Khanga ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Tuseme khanga ni sentimita 150 kwa 110, na pindo lina upana sawa pande zote. Kilichobaki ndani ya pindo kina eneo la sentimita za mraba 9,600. Upana wa pindo ni kiasi gani?

Upana wa pindo uwe x. Chora khanga, chora mstatili wa ndani, andika x mahali panne: kushoto, kulia, juu, chini. Mchoro unakuonyesha kwamba urefu umepoteza x upande wa kushoto na x upande wa kulia. Urefu wa ndani ni 150 − 2x, si 150 − x. Kwa upana vivyo hivyo, 110 − 2x.

(150 − 2x)(110 − 2x) = 9,600
16,500 − 300x − 220x + 4x² = 9,600
4x² − 520x + 6,900 = 0
x² − 130x + 1,725 = 0

Sasa tafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 1,725 na zikijumlishwa zinatoa 130. Ni 15 na 115. Kwa hiyo (x − 15)(x − 115) = 0, na x ni 15 au 115.

Majibu yote mawili ni namba chanya. Mwanafunzi aliyefundishwa "lifute lenye alama ya kutoa" hana la kufuta. Lakini pindo la sentimita 115 haliwezi kukaa kwenye kitambaa chenye upana wa 110. Kitambaa ndicho kinachokataa. Na ukitaka kujua 115 ilitoka wapi, iweke ndani: 150 − 230 ni −80, na 110 − 230 ni −120. Kutoa mara kutoa ni kujumlisha, kwa hiyo zikizidishwa zinatoa 9,600 barabara. Mlinganyo haujui kwamba urefu hauwezi kuwa chini ya sifuri. Wewe unajua. Jibu ni sentimita 15, na ndani ya pindo ni 120 kwa 80.

Je, aliyeandika 150 − x na 110 − x atagundua? Hatagundua kwa kutazama jibu. Mlinganyo wake ni x² − 260x + 6,900 = 0, na unatoa 30 au 230. Namba nzima, safi, nzuri. Usafi wa namba hauthibitishi kitu. Inayothibitisha ni hatua ya mwisho: kata sentimita 30 kila upande wa khanga, ndani inabaki 90 kwa 50, ambayo ni 4,500. Si 9,600. Fumbo la njia inayozunguka bustani ni hili hili likiwa limegeuzwa: pindo liko nje, kwa hiyo unajumlisha 2x badala ya kutoa.

Namba mbili zisipopatikana

Mara nyingine namba mbili hazionekani haraka. Njia ya kuchora mraba, ambayo Al-Khwarizmi aliieleza kwa maneno na michoro bila milinganyo ya herufi kama yetu, inafaa hapa. Turudi kwenye kiwanja chetu, lakini safari hii tuambiwe eneo: urefu unazidi upana kwa mita 10, na eneo ni mita za mraba 600.

p(p + 10) = 600
p² + 10p = 600

Chora mraba wenye upande p. Ile 10p ni ukanda wenye upana wa 10 na urefu wa p. Ukate katikati, upate kanda mbili za 5 kwa p. Moja ibandike kulia mwa mraba, moja chini. Sasa una umbo linalokaribia kuwa mraba mkubwa wenye upande p + 5, ila kona moja imebaki wazi. Kona hiyo ni 5 kwa 5, yaani 25. Ijaze, na upande wa pili wa mlinganyo nao uongeze 25:

p² + 10p + 25 = 625
(p + 5)² = 625

Kipeuo cha pili cha 625 ni 25, kwa hiyo p + 5 = 25, na p = 20. Kiwanja ni kilekile cha 20 kwa 30. Kipeuo kingine ni −25, kinachotoa p = −30, na upana hauwi hivyo. Tazama lakini kwamba 30 ndiyo urefu wenyewe. Katika mafumbo ya namna hii jibu linalotupwa mara nyingi ni upande wa pili uliovaa alama ya kutoa, na hiyo ni njia nzuri ya kujikagua.

Wanapokosea hapa: wanajaza kona kwa 10 × 10 badala ya nusu ya 10 mara nusu ya 10, au wanaongeza 25 upande mmoja tu. Aliyechora hafanyi kosa la kwanza, kwa sababu anaiona kona.

Pembe mraba na ngazi

Fundi anayeseti msingi hupima futi 3 upande mmoja wa kona na futi 4 upande wa pili, kisha hutazama kama kutoka alama hadi alama ni futi 5. Ikiwa 5, kona ni ya pembe mraba. Ni kanuni ya Pythagoras: 9 + 16 = 25. Kwenye fumbo herufi huingia hivi. Ngazi imeegemea ukuta na imefika juu kabisa. Mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani, na urefu wa ngazi unazidi kimo cha ukuta kwa mita 1. Kimo kiwe k, ngazi ni k + 1, nayo ndiyo upande unaotazamana na pembe mraba, kwa hiyo inakaa peke yake:

k² + 9 = (k + 1)²
k² + 9 = k² + 2k + 1
8 = 2k
k = 4

Ukuta mita 4, ngazi mita 5. Kosa maarufu ni kuandika (k + 1)² kuwa k² + 1. Hapo herufi zinafutana na unabaki na 9 = 1. Ukikuta kitu kama hicho usilazimishe jibu. Rudi kwenye mabano. Mraba wa jumla una vipande vinne, na hivyo viwili vya katikati, k na k, ndivyo vilivyosahaulika.

Duara halina mengi. Kisima chenye mzingo wa mita 4.4: 2 × 22/7 × n = 4.4, na nusu kipenyo n ni mita 0.7. La kuchunga ni moja tu, usichanganye kipenyo na nusu yake.

Vipimo, na shamba la mkonge

Kabla ya kuandika mlinganyo wowote, vipimo vyote viwe vya aina moja. Mita na sentimita zikikaa mstari mmoja, jibu limeharibika kabla ya kuanza. Na katika eneo mita moja ya mraba si sentimita za mraba 100, ni 10,000. Hekta moja ni mita za mraba 10,000.

Mkonge, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 na ambao mkoa wa Tanga umeulima tangu enzi hizo, hupandwa kwa jozi za mistari. Mistari miwili ya jozi imeachana mita 1, kisha inafuata nafasi ya mita 4 kabla ya jozi nyingine. Hekta moja ina miche 5,000. Mche na mche kwenye mstari mmoja vimeachana kiasi gani?

Iwe x, kwa mita. Chora jozi mbili. Kutoka mwanzo wa jozi moja hadi mwanzo wa jozi nyingine ni mita 1 + 4 = 5, na ndani ya mita hizo 5 kuna mistari miwili. Kila mstari unamiliki mita 2.5. Kila mche basi unamiliki eneo la 2.5x.

5,000 × 2.5x = 10,000
12,500x = 10,000
x = 0.8

Sentimita 80. Anayegawia kila mstari mita 5 nzima anapata 0.4, na akizipanda hivyo atapata miche 10,000, mara mbili ya iliyosemwa. Hapa pia mlinganyo ulitatuliwa vizuri, ila mchoro haukuwepo.

Mafumbo manne ya kujaribu: tafuta pande za kila umbo

1. Mstatili una mzingo wa mita 54. Urefu ni pungufu kwa mita 5 kuliko mara 3 ya upana.

2. Pembetatu yenye pande mbili sawa ina mzingo wa sentimita 41. Kila upande kati ya hizo sawa unazidi kitako kwa sentimita 7.

3. Upande wa mraba ukiongezwa mita 3, eneo linaongezeka kwa mita za mraba 51. Upande wa mwanzo ni upi?

4. Ulalo wa mstatili ni sentimita 13, na urefu unazidi upana kwa sentimita 7.

Majibu. La kwanza ni upana 8 na urefu 19. Ukipata upana 14.75, umesahau kwamba mzingo unapita pande nne. La pili ni kitako 9, pande nyingine 16 na 16. Ukipata kitako 17, umejumlisha upande mmoja tu kati ya zile mbili sawa. La tatu ni 7; ukibaki na 9 = 51, umefungua (x + 3)² vibaya. La nne ni 5 na 12, na jibu linalotupwa ni −12. Ukipata 3 na 10, umejumlisha pande mbili moja kwa moja kupata 13 badala ya kujumlisha miraba yake.